Deni la Babu

Kila masika mto Kilombero hufurika, na sehemu kubwa ya bonde hugeuka kuwa kama ziwa. Mwaka mmoja, kwetu Mofu, mafuriko yaliangamiza mpunga wote wa babu yangu. Jirani yake akamkopesha magunia mawili ya mbegu. Hati haikuandikwa, walipeana mikono tu.

Miaka ilipita, babu akazeeka na kumbukumbu ikamtoka. Jirani alipokuja kudai, babu alimtazama kwa upole, akasema, "Mzee mwenzangu, huyo uliyemkopesha si mimi."

Hakusema uwongo. Nami, mwanafunzi wa ualimu wakati huo, nilisimama kumtetea, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za John Locke. Mwanafalsafa huyo wa Uingereza, katika toleo la pili la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, lililotoka mwaka 1694, aliongeza sura inayouliza: ni kitu gani kimfanyacho mtu wa leo kuwa yule yule wa jana? Alijibu kuwa ni fahamu. Fahamu ya mwana wa mfalme ikihamia katika mwili wa mshona viatu, huyo ni mwana wa mfalme, na ndiye atakayejibu kwa matendo ya mwana wa mfalme. Basi, nikasema, asiyekumbuka kukopa hadaiwi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Mjukuu wangu," akasema, "babu yako amelisahau hata jina langu. Je, mimi si mke wake tena?"

Nilikosa la kujibu. Baadaye nilisoma kwamba Thomas Reid wa Uskoti alimpinga Locke mwaka 1785: jemadari huweza kusahau fimbo alizochapwa utotoni, naye akabaki yule yule. Bibi hakumhitaji Reid.

Wazee waliamua watoto walipe baada ya mavuno. Babu alipoona magunia yakitolewa, aliuliza ni ya nani. Baba akamjibu, "Ni yako, mzee. Unalipa deni lako."

Locke alituonyesha thamani ya fahamu, nasi tusiidharau. Lakini wahenga walinena kuwa mtu ni watu. Babu alipojisahau, sisi tulimkumbuka. Na kwa kumlipia deni, tulimhifadhia heshima yake mwenyewe.