Lango la Shule Saa Sita na Nusu

Msafiri afikaye Lubumbashi mwezi wa Oktoba huusifu mji huu upesi. Mijakaranda imechanua, na barabara za katikati ya mji, zilizonyoshwa kama kwa rula tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910, zimetandikwa maua ya zambarau. Kwa mbali huonekana dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kando yake kilima cheusi cha takataka za madini. Wageni hupiga picha ya dohani na ya maua, kisha huenda zao. Wasomaji wapenzi, leo twende pamoja mahali ambapo hapana mgeni apigaye picha, lakini ambapo mji huu huonyesha hali yake ya kweli: mbele ya lango la shule ya msingi, saa sita na nusu mchana.

Kengele haijalia bado, na barabara imekwisha kuzibwa. Magari yamesimama safu tatu mahali panapotosha safu moja. Waendesha pikipiki, ambao watu wa Lubumbashi huwaita manseba, yaani wajomba, wamepanda hata juu ya njia ya waendao kwa miguu, wapate kuwa karibu na lango. Akina mama wauza karanga na ndizi wamevuta mabeseni yao mpaka ukingo wa mtaro. Kila dereva apiga honi, na hakuna asogeaye. Ndipo kengele yalia, lango lafunguliwa, na watoto mamia kadhaa wenye nguo za buluu na nyeupe watoka kama maji ya mvua. Wakati uleule kundi la mchana, lenye nguo zilezile za buluu na nyeupe, lataka kuingia kwa lango lilelile. Mlinzi, hata angekuwa na macho manne, angejuaje ni nani atokaye na ni nani aingiaye?

Kulaumu ni rahisi. Wazazi husema: Shule haina utaratibu. Walimu husema: Wazazi hawana adabu. Manseba husema: Sisi twatafuta chakula cha watoto wetu. Lakini kabla ya kulaumu, yafaa tujue fujo hii imetoka wapi.

Chanzo cha kwanza ni mji wenyewe. Zamani, ulipoitwa Elisabethville, watawala Wabelgiji waliweka Wazungu katikati na Waafrika mbali, na kati yao waliacha nafasi tupu. Kamalondo ilijengwa ng'ambo ya nafasi ile. Katuba na Ruashi zilifuata, mbali zaidi, katika miaka ya 1950. Mwaka 1966 jina la mji lilibadilishwa, lakini barabara zilibaki zilivyokuwa, na shule nyingi zinazotamaniwa na wazazi zingali katikati. Basi kila asubuhi watoto wa Katuba na Ruashi hupanda kwenda mjini, na baada ya masomo sharti warudi. Malango ya shule zile yalifanywa kwa miguu ya watoto. Hayakufanywa kwa magari ya mji wenye watu zaidi ya milioni mbili.

Chanzo cha pili ni jambo la furaha. Katiba ya mwaka 2006 ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Lakini wazazi waliendelea kulipa mpaka Septemba 2019, serikali ilipoanza kulitimiza neno hilo. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa fedha wakaja shuleni. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini vyumba havikuongezeka kwa mwendo wa watoto, na shule nyingi hufundisha makundi mawili kwa siku, moja asubuhi na moja mchana. Elimu ilifunguliwa kwa wengi. Lango la uani likabaki moja.

Chanzo cha tatu watu hawakioni upesi. Katika Kongo magari hupita upande wa kuume. Lakini magari mengi ya Katanga yatoka Japani, kwa njia ya Tanzania na Zambia, nayo yalitengenezwa kwa ajili ya nchi ambamo magari hupita upande wa kushoto. Usukani wake uko kuume, na mlango wa abiria wa basi dogo uko kushoto. Basi la namna hii likisimama mbele ya shule, mlango hufunguka katikati ya barabara, wala si upande wa lango. Mtoto wa miaka sita huruka chini mbele ya magari yanayolipita lile basi. Wenye mabasi wengine wamehamisha mlango, wengine bado.

Hata hivyo, sababu hizi tatu hazitoshi kueleza hatari yote. Hatari iliyo kubwa ni hii: kati ya kengele na nyumbani pana nusu saa isiyo na mwenyewe. Shule husema: Mtoto amekwisha toka, ni wa wazazi. Wazazi husema: Hatujafika bado, mtoto ni wa shule. Na katika nusu saa ile mtoto si wa mtu.

Katika shule moja nilimofundisha, siku ya mvua kubwa ya Januari, binti mmoja wa darasa la kwanza alibaki njiani. Baba yake alidhani mama atamchukua. Mama alidhani manseba wa kila siku atamleta. Manseba alipofika akaambiwa langoni kwamba mtoto amekwenda na mjomba wake. Naye, kwa kuwa kazi yake ndiyo huitwa ujomba, hakuuliza ni mjomba gani. Kumbe mtoto alikuwa amejificha mvua chini ya mwavuli wa mama muuza karanga. Kijana mmoja alikuja akasema: Huyu ni wa kwetu, nimetumwa. Mama akamwuliza: Jina lake nani? Kijana hakulijua, akaenda zake. Mama yule alikaa na mtoto mpaka karibu na saa kumi na moja, baba alipofika akitetemeka. Karanga zake zote zilikuwa zimelowa.

Mama yule hakusoma ualimu. Lakini swali lake moja lilifanya kazi ambayo mlinzi, walimu na wazazi hawakuifanya: Jina lake nani?

Mtakatifu Luka atueleza jambo linalofanana na hilo. Maria na Yosefu walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka, wakaenda mwendo wa siku nzima, wakidhani Yesu yumo katika msafara pamoja na jamaa zao. Alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa mtoto amalizaye shule ya msingi kwetu. Wakamwona siku ya tatu. Ikiwa wazazi watakatifu namna ile waliweza kudhani, sisi tutafanyaje tusidhani? Ni lazima kuuliza na kuhakikisha.

Mapadri na mabruda Wasalesiani walipofika mji huu mwaka 1911, walileta desturi ya Don Bosco: mwalimu akae kati ya watoto, si darasani tu, bali hata uani, ili kosa lizuiliwe kabla halijatokea. Desturi hiyo yaweza kuendelea hatua ishirini zaidi, mpaka nje ya lango. Wala haihitaji fedha nyingi. Kundi la mchana lisubiri mpaka kundi la asubuhi limetoka lote, au liingie kwa mlango mwingine. Madarasa yatoke moja moja, wadogo kwanza, kila moja na mwalimu wake. Mwalimu awe na orodha: jina la mtoto, na majina ya watu wawili au watatu walioruhusiwa kumpokea. Asiye katika orodha, hata akisema yeye ni mjomba, angoje wazazi waulizwe. Manseba wapewe mahali pao pa kusimama, nao wajulikane kwa majina. Na wenye magari wasimame mbali kidogo, waje kwa miguu. Hatua mia hazijamwua baba yeyote.

Enyi wanafunzi wa darasa la sita, mlio na wadogo shuleni, mshikeni mdogo wako mkono kabla hamjavuka lango. Yaya mzuri hutangulia kuhesabu wadogo zake kabla ya kucheza mpira.

Nanyi wazazi, komite ya wazazi si ya kujadili malipo peke yake. Katika mkutano ujao simameni, mwulize swali moja, nanyi msiketi kabla halijajibiwa: Mtoto wangu akitoka darasani leo, ni mkono wa nani utakaomtoa, na ni mkono wa nani utakaompokea? Shule isiyoweza kujibu isaidiwe mpaka iweze. Na mzazi ambaye jina lake halimo katika orodha aende kuliandikisha kesho asubuhi.