Daraja la Tatu

Msafiri maskini, ajapokuwa sultani, walisema wazee wetu. Methali hii niliifundisha darasani miaka mingi, na wanafunzi waliieleza vizuri kwenye mitihani. Mimi maana yake niliipata melini, daraja la tatu, kati ya Mwanza na Bukoba.

Nilikuwa mwanachuo wa ualimu Butimba, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikizunguka ziwa: Mwanza, Bukoba, Port Bell, Kisumu, Musoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa hai bado (ilivunjika mwaka 1977), na vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu na shanta mgongoni walikuwa wakifika Mwanza, wakilala gesti za bei ndogo na kupanda meli pamoja nasi. Tuliwashangaa sana. Kwetu sisi Mzungu alikuwa mtu wa daraja la kwanza.

Meli iliondoka usiku na kufika Bukoba alfajiri. Wenye vyumba walilala. Sisi tulijibanza kati ya magunia na matenga, na aliyepata pa kunyoosha miguu alimshukuru Mungu. Safari moja kijana wa namna hiyo alikaa jirani yangu, akaanza kubishana na mama mmoja juu ya bei ya matobolwa. Alibishania thumuni, kwa bidii kabisa! Mama alimtazama, akacheka, akamjazia viganja.

"Kula, mwanangu. Mama yako yuko mbali."

Ikanibidi nitafsiri. Masikio ya kijana yakawa mekundu. Upepo wa ziwa ulipozidi usiku ule, alitoa blanketi lake shantani akawafunika watoto wa yule mama, mwenyewe akabaki na shati.

Wako wenzangu waliosema vijana hao walikuwa wabahili waliokuja kuigiza dhiki zetu. Ni kweli kwamba umaskini wa yule kijana ulikuwa na tarehe ya mwisho, na wa mama haukuwa nayo. Lakini mgeni aliyelala chumbani usiku ule alifika Bukoba bila kuonja tobolwa wala kuitwa mwana na mtu yeyote. Nani kati yao aliyeiona nchi yetu?

Hata hivyo nisiusifu mno urahisi wa nauli. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza, ikiwa imejaza kupita kiasi. Mamia walikufa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Wengi wamelala makaburini Igoma, na mpaka leo idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa. Niliwaza juu ya wale tuliokaa nao magunia kwa magunia, tukapeana chakula na kuachana bandarini bila kuulizana majina.

Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ikiwa na jina jipya. Mara mojamoja kijana mwenye shanta huniuliza njia ya bei nafuu ya kwenda Bukoba, nami humwelekeza melini. Nikimsindikiza bandarini, humwomba karani anionyeshe kama jina lake limeandikwa, na la mama aliye mbele yake kwenye foleni pia.