Lita 600 kwa Kitanda

Kwetu Bungoma, ikiwa kazi yako ni vinyesi vya watu, unajifunza mapema kujibu kwa mzunguko. Kwa miaka kadhaa nilimwambia kukhu, mama yake baba, kwamba nafanya kazi ya maji. Haukuwa uongo. Naye alinisifia kwa majirani mpaka binamu yangu alipopita Kitale akanikuta natoka ndani ya menholi, nimelowa hadi magotini, na si kwa matope. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kukhu alicheka hadi akafuta machozi, kisha akauliza, "Sasa ya mji mzima, unajuaje ni mangapi?"

Nikamwambia tunahesabu watu. Akaona ni kazi nyepesi, maana hata yeye angeweza kuhesabu watu. Nimeifanya kazi hiyo karibu miaka 40, na makosa yangu yote makubwa yalitoka hapo. Bomba likipasuka linazibwa, na pampu ikifa inanunuliwa nyingine. Lakini mtu ambaye hukumhesabu wakati wa kuchora, hakuna spana ya kumrudisha kwenye mchoro.

Nilianza Kitale mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 23, kazi yangu kushika ufito. Soroveya alichungulia kwenye darubini ya kupimia usawa, nami nikasimama mbali na ule ufito uliochorwa sentimita, jua la utosi, nikisogea kushoto na kulia kwa ishara ya mkono wake. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na ardhi yake ni rafiki wa fundi wa majitaka. Bomba la milimita 200 linataka kushuka kama mita 1 kwa kila mita 200, ili maji yaende kwa kasi ya kubeba uchafu bila kuuacha njiani. Huko kwetu juu mteremko huo unaupata bila kuutafuta. Unachimba, unalaza, unafukia, na Mungu anafanya kazi ya pampu.

Mwisho wa bomba ni mabwawa. Niliyapenda, ingawa sikumwambia mtu. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 3 au 4 na halina hewa ndani. Tope hutulia chini likaoza taratibu. La pili lina kina cha mita moja na nusu hivi. Hilo ni la kijani, kwa sababu mwani unaishi humo, na mchana mwani hutoa oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia kula uchafu. La mwisho halina kina kirefu, jua lipate kupenya na kuua viini. Hakuna mashine hata moja. Mlinzi wa mabwawa alikuwa na kasia, mashua ya mabati na fimbo ya kukimbiza watoto, basi.

Asubuhi moja tulikuta bwawa la kijani limegeuka zambarau. Mlinzi alidhani mtu amemwaga rangi. Soroveya, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alinusa hewa akasema limeshiba kupita kiasi: uchafu ukizidi, mwani unashindwa, na bakteria wengine wanaopenda mahali pasipo na oksijeni wanachukua bwawa pamoja na rangi yao. Tulikaa siku mbili tukihesabu malori ya egzosta yaliyokuja kumwaga. Yalikuja mengi kuliko tulivyodhani, yamebeba tope la vyoo vya shimo kutoka mitaa ya vyumba vya kupangisha. Nikafungua ramani. Mitaa hiyo haikuwamo. Pale penye maelfu ya watu palikuwa karatasi nyeupe, na mkono ulioinakili ile ramani kwa wino mweusi ulikuwa wangu.

Jibu la nafasi nyeupe lilikuja miaka mingi baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la ITDG, ambalo baadaye lilijiita Practical Action, lilifanya mradi wa kupanga mitaa ya Kitale pamoja na wakazi wenyewe: Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. Nilikwenda kama mtazamaji, nikiwa na kiburi cha mtu mwenye kalamu ya wino. Wakazi walichora mtaa wao chini, kwenye vumbi, wakiweka mawe kwa nyumba, majani kwa visima na mkaa kwa vyoo. Mama mmoja alimkatiza mzee aliyeweka jiwe moja mahali pa ploti yenye vyumba kumi na viwili. "Mzee, na sisi wa nyuma?" Akaongeza mawe kumi na moja. Nilikuwa nimejifunza hesabu za bomba chuoni, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kuhesabu wa nyuma.

Ungedhani somo hilo lilitosha. Mwaka 2006 niliacha kazi ya umma nikajiunga na kampuni ndogo ya washauri, na kazi yangu ya kwanza ikawa kupanga majitaka ya hoteli mpya ya ufukweni, pwani ya kusini, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Hapakuwa na bomba la umma la kujiunga nalo. Hoteli ilipaswa kusafisha yake yenyewe, na Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka huo huo hazikuwa na mchezo: maji yanayoachiwa yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani kile kipimo cha oksijeni ambayo uchafu ungeinyonya ukiachwa majini. Majitaka mabichi huwa na mara kumi ya hapo na zaidi.

Nilifungua mwongozo wa Wizara ya Maji wa 2005, kitabu ambacho kila mpangaji wa maji Kenya anakijua. Hoteli ya daraja la juu: lita 600 kwa kitanda kwa siku. Vitanda vilikuwa 180, kwa hiyo lita 108,000 za maji safi, na asilimia 80 ya hayo hurudi kama majitaka. Nikaandika 86,400. Kisha jicho likateleza mistari michache juu, kwenye watu wa mjini wasio na bomba nyumbani: lita 20 kwa mtu. Kitanda kimoja kilikuwa sawa na watu 30 wa Tuwani wanaochota kwenye kioski. Sikuona cha kufanya na hesabu hiyo, nikafunga kitabu.

Kosa la pwani lilianza na macho yangu ya mlimani. Kutoka jikoni hadi nyuma ya kiwanja palikuwa na mita 400 za mchanga ulionyooka kama meza. Kwa mteremko wangu wa Kitale, bomba lililoanza chini kidogo ya mita moja lingefika mwisho likiwa karibu mita 3 chini. Tukachimba mashimo ya majaribio, siku mbili mfululizo, na maji ya ardhini tukayakuta zaidi ya mita 3 chini. Nikafurahi. Siku ya tatu alipita mvuvi mmoja na dema begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwachimba kaburi?"

"Twapima maji ya chini."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Alitazama bahari, si shimo. "Hayo ni maji mafu. Rudini bamvua, mje mwone."

Nilimshukuru kwa heshima na sikumwelewa hata kidogo. Mtoto wa Bungoma anajua mto, na mto hauendi ukarudi. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa mpevu, bahari ilipanda zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa, na nilipofika kwenye mashimo yangu yale yale, maji yalikuwa yamepanda hadi kiunoni mwa kibarua wangu. Niliyaonja kwa ncha ya kidole. Yalikuwa na chumvi. Bomba langu lote la nyuma lingelala ndani ya bahari mara mbili kwa mwezi, likivuta chumvi kila kiungio kilipolegea, na chumvi ingeua mtambo na bustani.

Mashimo ya kunywesha majitaka ardhini, yale niliyoyachora kama akiba, yalikuwa na hatari kubwa zaidi. Chini ya mchanga ule kuna jiwe la matumbawe lenye matundu kama mkate wa kumimina. Unachomwaga leo hakichujwi na kitu. Kinapita kwenye nyufa hadi kisima cha jirani au hadi pale watoto wanapoogelea. Tulifuta mchoro. Mabomba yakawa mafupi na ya juu juu, yakaingia kwenye visima viwili vya pampu, na pampu zikasukuma majitaka hadi mtambo uliokaa upande wa barabara, kwenye kiwanja kilichoinuka. Maji yaliyosafishwa yakaenda kumwagilia bustani. Jikoni tukaweka mtego wa mafuta, kwa sababu mafuta ya samaki wa kukaanga yakipoa ndani ya bomba huganda kama sabuni.

Siku ya kukabidhi mchoro ilinyesha mvua, na mlinzi wa lango la hoteli jirani alinikaribisha kibandani mwake. Sikuwa na la kufanya, nikafunua daftari lake la zamu. Wafanyakazi zaidi ya 200 waliingia siku ile: wapishi, madobi, watunza bustani, wahudumu wa vyumba. Wote wanakula, wanaoga baada ya zamu, wanakwenda msalani. Nilirudi kwenye hesabu yangu na kuitafuta idadi ya wafanyakazi wa hoteli yetu. Haikuwapo. Nilihesabu vitanda 180 na sikuhesabu mtu hata mmoja wa kuvitandika. Kwenye mchoro wa mwenye mali choo chao kilikuwa shimo nyuma ya dobi, mita chache kutoka kisima. Nikaomba wiki moja zaidi. Niliambiwa nachelewesha kazi, na nikaichelewesha.

Hoteli ilifunguliwa Desemba 2007. Mwezi mmoja baadaye nchi ilikuwa inawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na wageni wakaondoka. Fundi wa mtambo alinipigia simu: vijidudu wanakufa kwa njaa, hakuna uchafu wa kuwalisha. Mtambo wa watu wengi unahitaji watu wengi. Nilimwelekeza apunguze hewa na kufunga nusu ya matangi, huku mimi mwenyewe nikiwa Kitale, kwenye Uwanja wa Maonyesho, ambako familia zilizokimbia makwao zililala chini ya turubai. Hapo mwongozo ulikuwa mwingine, ule wa Sphere wa misaada ya dharura: lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20. Tulichimba vyoo na kuhesabu, na kila jioni idadi ilikuwa imepanda. Katika mwezi ule mmoja nilikuwa na vitanda visivyo na watu upande mmoja na watu wasio na vitanda upande wa pili, na mkononi nina kalamu ile ile.

Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliifanya Bungoma. Kampuni ya Huduma za Maji ya Nzoia ilikuwa ikihudumia Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili kwa pamoja, na baada ya ugatuzi wa 2013 serikali za kaunti zikapewa dhamana ya maji. Mimi nilichora kama mshauri tu, bomba moja hapa, jingine pale. Sikuanza tena na kitabu. Nilianza kwa kupiga hodi. "Mulembe, mama. Humu mnalala wangapi?" Wenye nyumba walinishuku kuwa mtu wa kodi, wapangaji wakanipa idadi ya kweli mwenye nyumba akigeuka. Siku ya soko nilisimama kwenye choo cha umma na kuhesabu kwa kokoto mfukoni, kokoto moja kwa watu kumi.

Hata hivyo mteremko una hesabu zake. Bomba moja nililolichora lilifuata barabara, kwa sababu barabara ina nafasi na haina kesi za ardhi. Nyumba za upande wa juu ziliingia bila shida. Za upande wa chini, zinazoshuka kuelekea Khalaba, zilibaki chini ya bomba, na majitaka hayapandi mlima. Kwenye ripoti niliandika kwamba hizo zitashughulikiwa awamu ya pili.

Nilipotaka kujenga nyumba ya kustaafia, nilipata ploti ya bei nafuu, tulivu, yenye miti ya mikaratusi. Sikuuliza kwa nini ni nafuu. Iko mita 40 kutoka menholi ya mwisho ya bomba langu, na sakafu ya nyumba iko mita moja na nusu chini ya menholi hiyo. Kila baada ya miezi kumi hivi egzosta huja kunyonya tangi langu. Mara ya kwanza dereva alinitambua. Alitazama ile menholi ya barabarani, akanitazama mimi, akaanza kukunjua mpira bila haraka.

"Kumbe nawe uko awamu ya pili, Injinia," akasema.

Nilimshikia mpira.