Boti au Ndege?

Akina mama wenzetu walioko bara hutuuliza kwa nini tunahangaika na boti wakati Pemba kuna uwanja wa ndege. Sisi tunakaa Mkoani, na bandari iko mlangoni petu. Uwanja uko Chake Chake, kilomita zipatazo 30 kwa gari la abiria, na nauli ya ndege ya mtu mmoja hadi Unguja hushinda nauli ya boti ya watu wawili. Kwa nyumba yenye watoto watatu hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Lakini mwaka jana hesabu ilitushinda. Mmoja wetu, yaani mama, alikuwa na mimba ya miezi saba, na daktari alimtaka akajifungulie Unguja. Ilikuwa Julai, kusi limeshika. Boti ikiwa bado kwenye kivuli cha Pemba, watoto hula maandazi na kucheza. Ikishaingia mkondo wa Nungwi, mifuko ya kutapikia hugawiwa, na mama aliyepakata mtoto hana mkono wa kujishikilia. Boti ya kasi huchukua saa mbili na zaidi. Meli kubwa huenda taratibu, nasi huipenda, ingawa vijana hutucheka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitamka mbele ya watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu wapatao 600. Waliookolewa peke yao walifika idadi hiyo. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mwishoni mwa 2015 serikali ilileta Mapinduzi II, meli mpya ya abiria 1,200, na watu wakashukuru. Lakini ukiutaja usiku ule wa 2011 hapa kisiwani, nyumba nyingi zina jina la kutaja.

Baba watoto alitaka sote tupande ndege. Hapo ada ya shule ingekwenda yote. Tulibishana siku mbili, kwa sauti ya chini.

Aliyetusaidia ni jirani yetu, Mwislamu, ambaye bahari ilimchukulia kaka yake mwaka ule. Yeye bado husafiri kwa boti. "Mimi sitazami bahari, natazama watu," alituambia. Huondoka mchana tu, huuliza makoti ya kuokolea yako wapi, na akiona watu wamejaa hata njiani, hushuka na kurudi nyumbani, tikiti ipotee.

Basi tukagawana. Mama na mtoto mdogo walipanda ndege, ile ndogo ya viti kama kumi na viwili, dakika 30 hivi angani. Mjamzito aulize mapema kama atahitaji barua ya daktari, na mizigo ipimwe nyumbani, maana kilo zinazoruhusiwa ni chache. Baba na wakubwa wawili walikwenda kwa boti ya asubuhi na mabegi yote, wakaketi chini, katikati, ambako mtikisiko hupungua, matumboni wakiwa na mkate mkavu tu.

Mama alikwenda kuwangoja bandarini Malindi, akihesabu vichwa vilivyoshuka. Walikuwa watatu, na mkubwa alikuwa amevitapikia viatu vya baba yake.