Karatasi ya mpakani inalinda mtaji wa mama



Sisi wa Mumosho tunaona Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi. Wengi wetu tunavuka kwenda Kamembe kutafuta mchele, nyanya na maziwa. Mtaji ukipotelea mpakani, walimu tunajua mapema: mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tunasoma karatasi pamoja, kwani zimeandikwa kwa Kifaransa, na wamama wengi wanasoma Kiswahili ao Mashi tu.

Tujue kwanza nani ana haki ya kufanya kazi mpakani. Amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2002 inataja idara nne: duane, inayoitwa leo DGDA, OCC, inayopima ubora wa bidhaa, DGM, ya uhamiaji, na idara ya usafi na afya. Mwingine akiomba pesa, mama amuulize kwa heshima: «Unatoka idara gani?»

Pili, Kongo na Rwanda zote ziko ndani ya COMESA, ambayo tangu 2010 ina utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wadogo. Bidhaa ikiwa katika orodha ya nchi zote mbili, ikitoka nchi ya COMESA, na bei yake isipopita kiwango kilichowekwa, mama anajaziwa cheti cha asili ya bidhaa na halipi ushuru wa duane. Lakini tusidanganyane: malipo mengine yanabaki. Tena, mchele wa Pakistani ulionunuliwa Kamembe haugeuki kuwa wa Rwanda. Hata wa Tanzania haupati cheti hicho, kwani nchi hiyo ilitoka COMESA mwaka 2000.

Tatu, hakuna kulipa bila kupewa karatasi ya malipo. Mama mmoja wa kikundi chetu alilipishwa mara mbili kwa gunia moja, kwani yule wa kwanza alikataa kumwandikia. Faida ya juma nzima ikaishia pale.

Tazameni maneno mawili tu: «nature» ni aina ya bidhaa, «montant» ni pesa zilizolipwa. Pesa zilizoandikwa zikiwa chache kuliko ulizotoa, usiondoke bado.

Mama anayejua kusoma amsomee mwenzake kabla mkono haujaingia kwenye kitambaa cha pesa.