Mizinga ya Raskazone

Msambweni,
Novemba 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Wasiwasi wetu ni wewe uliye mbali na baridi hiyo. Mamako anakusalimu sana, na amenituma nikwambie simu zako humkuta keshalala.

Picha zako za Normandy zilinifika. Nimezikuza moja moja, hata yale magofu ya saruji yaliyobaki baharini pale Arromanches tangu Juni 1944 nimeyaona, meusi kama majahazi yaliyopanda mwamba. Nimefurahi umefika, na tena katika mwaka wa 80 tangu siku ile majeshi yaliposhuka ufukweni. Lakini maneno uliyoandika chini ya picha ya mwisho yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki: kwamba pwani yetu ingekuwa na historia ya namna hiyo, nasi tungekuwa na makumbusho. Nilitaka kukujibu palepale, nikaona hapana, hili si la kidole kwenye kioo cha simu, hili lataka kalamu.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kwa matanga. (Cheka, nakujua.) Alifariki jamaa yetu wa Chongoleani, wa upande wa bibi yako, nami ndiye niliyetumwa. Nikafika Lunga Lunga bila kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nilikuwa nimeiacha nyumbani ndani ya msahafu, ikabidi nirudi Msambweni kuifuata. Kosa langu mwenyewe, na nauli mara mbili. Nilipovuka Horohoro jua lishakuwa kali. Ng'ambo ile ni Kidigo kilekile, salamu zilezile, mnazi uleule. Mstari waliupiga Wazungu mwaka 1886 kwa rula, kutoka mlango wa mto Umba kwenda juu bara, wakawagawa ndugu: hawa wa Mwingereza, hawa wa Mjerumani. Ukilishika hilo, mengine yatakuelea.

Baada ya hitima nilibaki na siku moja mkononi. Nikaenda mjini, kwenye boma la zamani la Wajerumani, ambamo sasa mna Makumbusho ya Urithi Tanga. Usitazamie mambo ya Arromanches. Ni madogo, ukienda upesi unayamaliza kabla kahawa haijapoa. Picha za kale ndizo zilizonishika. Nilisimama mbele ya nyuso zisizo na majina mpaka miguu ikauma. Kisha nikapanda bodaboda hadi Raskazone. Kijana aliyenipakia anapajua vizuri, ndiko wanakokwenda kuogelea. Nilipomwuliza habari za Vita vya Kwanza vya Dunia alinitazama kama mtu anayeulizwa ugomvi wa jana usiku.

Pale, mama, ndipo Normandy yetu ilipo, ila yenyewe iliwaharibikia walioshuka.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia Tanga. Nahodha wake Caulfeild akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dakta Auracher, akamwambia mapatano ya amani yamekwisha, utoe mji. Akampa saa moja. Tena akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu. Sasa swali hilo ukimwuliza adui yako unangoja jibu gani? Auracher akaondoka zake, akavaa sare, akaungana na maaskari. Waingereza wakashinda wakifagia maji yasiyo na bomu hata moja, na mpaka wamalize Wajerumani walikwisha kupata habari na wakati.

Nyuma ya Fox zilikuwa meli zilizobeba watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi walioletwa kutoka Bombay. Walikuwa wametoka katikati ya Oktoba, wiki zaidi ya mbili za kubanana na kutapika baharini, chini ya Jenerali Aitken. Meli zilipitia Mombasa, na inasimuliwa kwamba pale alipewa ushauri na maofisa wa King's African Rifles wanaoijua nchi hii na askari wake, akaupuuza. Hakuamini kwamba mtu mweusi mwenye bunduki angemsumbua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 kikosi cha kwanza kikashuka Raskazone, katikati ya mikoko, kikakwea gema gizani. Alfajiri kikaelekea mjini, kikarudishwa mbio. Waliobaki wakaendelea kushuka siku nzima kama watu wa harusi waliochelewa. Upande wa Wajerumani, Kanali Lettow-Vorbeck alikuwa anawashusha askari wake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, kilomita zipatazo 350, na usiku akaipanda baiskeli akaupita mji mtupu kwenda kuchungulia adui amelala wapi. Hakuwa na watu zaidi ya 1,000 hivi. Wengi wao walikuwa askari weusi, na zile bombomu zao, kama wazee walivyokuwa wakiziita bunduki za rashasha.

Tarehe 4 mchana Waingereza wakaingia kwa miguu kwenye mashamba na vichaka, jua la utosi, hawaonani. Baadhi wakafika hadi ndani ya mji, wakapigana nyumba kwa nyumba. Wengine walivunjika mapema, wakakimbilia baharini. Na hapo ndipo walipotokea nyuki.

Wewe umesoma zaidi yangu, lakini nina hakika huko Ulaya hapana lugha yenye neno zuri kama letu: mzinga. Mzinga ni wa nyuki, gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini. Na mzinga ni wa baruti, ule unaokaa manowarini. Siku ile yote miwili ilikuwa kazini. Wenyeji walikuwa na mizinga yao mitini, risasi zikaitoboa, na nyuki wakatoka kwa hasira wasimchagulie mtu bendera. Waliwauma Wajerumani vilevile, lakini Waingereza ndio walioumwa zaidi, na baadaye baadhi yao wakasema nyuki wale walitegwa na Wajerumani kwa kamba. Ndiyo sababu vitabu vyao vinaviita vita vya nyuki. Sikatai kwamba ni kisa cha kuchekesha. Ila kila ninapokisikia hujiuliza swali moja tu: mizinga ile ilikuwa ya nani? Mtu fulani aliitoboa, akaitundika mtini, akangoja msimu wa asali. Mkewe alikuwa wapi wakati Fox inapiga? Alikimbilia Chongoleani kwa mtumbwi? Kila ofisa wa siku ile ana jina, cheo na hata maradhi yake, lakini mwenye nyuki sikumkuta popote.

Tarehe 5 wakapanda meli kuondoka. Walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa Wajerumani wafu walikuwa kama 70. Na wakaacha ufukweni bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi zipatazo 600,000, ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia dhidi yao miaka iliyofuata. Aitken akashushwa cheo. Mji wenyewe wa Tanga hawakuutia mkononi hadi Julai 1916.

Usidhani basi kwamba hayo ni ya Tanga na sisi Kwale tulikaa tukitazama. Gazi, hapo unapopita ukienda Ukunda, walipigana Oktoba 1914, Wajerumani walipojaribu kuishika njia ya Mombasa. Unapajua Gazi kwa nyumba ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewatoa jasho Waingereza mwaka 1895 na 1896 hadi akakimbilia kwa Wajerumani. Wewe mwenyewe nilikupeleka ukiwa darasa la tano, ukalia unataka kwenda kuona mikoko. Na Jasini, karibu na Vanga, upande wa pili wa mpaka, Januari 1915 watu waliuana siku mbili kwenye mashamba. Wajerumani walishinda, lakini kwa gharama ambayo Lettow-Vorbeck aliona hawezi kuilipa tena. Tangu hapo akageukia kupiga na kukimbia, na hivyo ndivyo vita vikarefuka mpaka Novemba 1918. Jasini iko upande wa bahari ukienda Tanga. Nilipita kwenye basi nikinyoosha shingo, sikuona ila minazi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Katika picha zako imo ya yale makaburi ya Wamarekani, misalaba myeupe zaidi ya 9,000, na karibu kila mmoja una jina la mtu. Umeniandikia kwamba ulilia. Nami nimekuamini. Nikamkumbuka babu yake bibi yako.

Yeye alichukuliwa kuwa mpagazi. Mwaka 1917, jeshi lilipowataka wabeba mizigo kwa maelfu na serikali ikamkabidhi John Ainsworth kazi ya kuwapata, machifu waliambiwa walete watu, na watu walipokimbia walifuatwa vichakani. Miaka mitatu kabla yake Wagiriama walikwisha kupigana wakikataa kutoa vijana wao, na kiongozi wao Mekatilili akafungwa mara mbili. Kwetu nani alipigana? Babu aliondoka na kitambaa kiunoni. Kikosi kile cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichoyazaa majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na kila siku watu wananunua nyanya juu ya jina hilo wasilijue. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanahesabiwa kuwa 95,000 hivi, wachache kwa risasi, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na mizigo. Mishahara ya wengi waliokufa haikupata wa kuipokea, ikabaki kwa wakubwa. Bibi alikuwa akisema nyumbani kwao waliweka matanga bila maiti, na mkewe hakukaa eda mpaka mwaka wa tatu, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia kwa yakini kwamba ni mjane.

Sanamu za askari ziko Mombasa, umezipita mara mia ukienda Makupa. Zinawakumbuka askari na wapagazi wote kwa jumla. Jina hata moja hakuna. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka 100 kupita ndipo wakaomba radhi. Nimeipokea, lakini radhi bila majina ni kama chai bila sukari mbele ya mgeni: unakunywa kwa adabu.

Kwa hiyo mpwa wangu, historia tunayo, tena nyingi. Tulichokosa ni wa kuiandika. Ulaya wana saruji baharini. Sisi tuna mizinga mitini, nayo haidumu. Yuko bibi mmoja Vanga, ana miaka 90 na kitu, babake alitoroka kikosi akiwa njiani, akajificha miezi kwa wakweze upande wa Tanga. Anakisimulia kisa chote kwa Kidigo, pamoja na majina ya wenzake sita ambao hawakutoroka. Mimi nilikaa naye mara moja, sikuandika, nikajifanya nitakumbuka. Nimekumbuka majina mawili.

Likizo yako ya Desemba usiende Dubai na wenzako. Njoo nyumbani. Nauli ya kutoka Mombasa hadi Tanga na kurudi ni juu yangu. Tutaanza kwa bibi wa Vanga, asubuhi, kabla hajachoka. Kisha Jasini, tuulize kwa wenyeji. Kisha Raskazone, wakati maji yamekupwa ili uone walivyotembea kwenye matope. Lete kile kinasa sauti chako na daftari lenye mistari, sitaki mambo ya kuandika kwenye simu, zinaibwa. Na kama kwa huko utaweza kuuliza njia ya kupekua majina ya wapagazi kwenye hifadhi za Waingereza, uliza. Jina la babu nitakupa tukionana, siliandiki hapa.

Wasalimu wenzako. Mamako anasema ukija umletee koti zito, sijui atalivaa wapi.

Na kadi ya homa ya manjano itie ndani ya pasipoti leo hii. Pale mpakani wanaiuliza.

Ni mimi mjomba wako,
Msambweni.