Mkoba wa Mzazi

Katika nyumba nyingi za Marereni, mimba ikishatimia miezi minane, hutokea mkoba mmoja wa ukindu nyuma ya mlango wa chumba cha ndani. Hautangazwi. Mgeni akiuona haulizi, na wenye nyumba hawauelezi, kwa kuwa wazee wetu wanachelea jicho, na wengine huona kwamba kumwandalia mtoto asiyezaliwa ni kumtangulia Mwenyezi Mungu. Mwaka huu mkoba huo umo nyumbani kwangu, kwa ajili ya mkaza mwanangu, ambaye tunamtarajia kujifungua Mfunguo Saba inshaallah. Nami nimeona niwaandikie akina mama wenzangu yaliyomo ndani yake, na jambo moja ambalo katika mikoba mingi halimo.

Hiyo hofu ya kumtangulia Mungu, mimi iliniondoka kwa kuzingatia kisa cha Bibi Maryam, amani iwe juu yake. Alishikwa na uchungu akiwa peke yake, mbali na watu wake, akaliendea shina la mtende. Hakuwa na mama wala mkunga wala shuka. Hata hivyo Mola wake hakumwacha bila ya matayarisho: chini yake palikuwa na kijito cha maji, na juu yake tende mbivu. Tena aliamrishwa alitikise shina yeye mwenyewe, naye yu katika hali ile. Aliyeweza kumteremshia tende bila ya mtu kugusa kitu alimtaka anyoshe mkono. Basi na sisi tunanyosha mikono.

Nianze na maji, maana hapa kwetu ndiyo shida ya kwanza. Anayekaa Mombasa huenda asijue: ukanda huu kuanzia Gongoni hadi Kurawa ni nchi ya mashamba ya chumvi, na visima vyetu vingi vina maji ya munyu ambayo hata sabuni haitoi povu ndani yake. Maji matamu twayanunua. Kwa hiyo mitungi mitatu ya lita 20 imejazwa, imefunikwa, na watoto wa nyumbani wamekatazwa kuigusa; kila baada ya siku chache maji hayo hutumiwa na mengine hutiwa. Mtungi mmoja ni wa mikono, wa pili wa kumsafishia mzazi, wa tatu wa kuchemsha na kunywa. Mtoto mwenyewe hana haja nayo sana siku ya kwanza. Wauguzi hutushauri tumkaushe kwa kitambaa, tumlaze kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, anyonye kabla saa moja haijapita, na kuogeshwa kungoje mpaka zitimie saa 24. Bibi zetu, waliokuwa wakimkogesha mtoto papo hapo, hawalipendi shauri hilo. Lakini mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko tunavyodhani, hata katika jua hili letu.

Leso za mkoba huu hazinunuliwi dukani. Leso mpya ina ugumu wa kiwandani, haifyonzi kitu. Zinazotakiwa ni zile kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa hata maandishi yake yamefifia, na hapo ndipo utakapomjua mwanamke aliyetunza vitu vyake. Nimekusanya doti nne. Nimezichemsha katika sufuria kubwa, nikazianika kamabani penye jua kali, nikazipiga pasi ya moto pande zote mbili, nikazifunga ndani ya foronya safi. Pamoja nazo kuna kipande cha mpira cha kutandika chini ya shuka, mche wa sabuni, glovu, na tochi yenye betri mpya, kwa sababu umeme wetu haujui siku ya mtu.

Kisha wembe: mmoja mpya ambao karatasi yake haijafunguliwa, na wa pili wa akiba, na uzi safi wa kufungia kitovu. Juu ya hili sina mzaha. Zamani kitovu kilikatwa kwa kisu chochote kilichokuwa karibu na kikapakwa majivu, na mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili tatu za mwanzo akaja akakaza taya, akakakamaa mwili wote, akafa. Watu wakasema ni dege. Haikuwa dege, ilikuwa pepopunda, iliyoingia kwa kile kisu au kwa yale majivu. Ndiyo maana mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda kliniki, na ndiyo maana kitovu hakitiwi majivu, wala mafuta, wala mate ya mtu, ila dawa ya klorheksidini ikiwa kliniki imeitoa. La sivyo huachwa kikavu.

Upande mwingine wa mkoba ni wa mzazi, na huo naukubali kuwa ndio unaonifurahisha. Umo mkaja wa kumfungia tumbo, ule niliofungwa mimi. Zimo pilipili manga, iliki, mdalasini na tangawizi kavu kwa uji na supu ya kuku. Chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Udi kidogo na chetezo. Tende zimo za kula mama. Moja ya tahniki imetengwa peke yake katika kijaluba, na atakayemtia mtoto kaakaani atanawa mikono na kusukutua kwanza, hata akiwa ni babu yake. Siku arobaini za nifasi ni siku za kumlea mama kama alelewavyo mtoto, na yasikitisha kuona siku hizi vijana wetu wanaokaa mijini wanarudi kazini na tumbo halijafungwa hata wiki moja.

Sasa nieleze lile lisilokuwamo katika mikoba mingi.

Dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wake wa tatu usiku mmoja wa masika, wakati barabara ya Garsen ilikuwa bado ya udongo. Mimi nilikuwa msichana wa miaka 12, na kazi yangu ilikuwa kushika kandili. Mkoba wake ulikuwa kamili, kwani marehemu mama alikuwa hodari wa matayarisho kunishinda. Mtoto alitoka mzima, akaadhiniwa. Kisha damu haikukatika. Leso ya kwanza ililowa, na ya pili, na ya tatu. Na kwa kuwa zilikuwapo nyingi na safi, kila iliyolowa iliondolewa upesi ikatandikwa nyingine, chumba kikaonekana nadhifu, na hapakuwa na aliyehesabu. Mkunga alimkanda tumbo, akamnywesha, akamsomea. Karibu na alfajiri ndipo mtu alipotumwa kutafuta lori la chumvi. Lilipatikana jua limekwisha chomoza. Dada yangu hakulifikia daraja la Sabaki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mtoto yule leo ni mama wa watoto wanne, na haifahamu sura ya mama yake hata kwa picha.

Hiyo ni qadari ya Mwenyezi Mungu, sina ninaloweza kuongeza. Lakini tangu hapo sikuziamini leso. Wataalamu husema mzazi akimwaga damu inayofikia nusu lita yu katika hatari, na nusu lita ni kama vikombe viwili vikubwa vya chai. Leso moja iliyolowa chapa chapa yaweza kuficha damu nyingi ndani yake. Basi katika nyumba yangu kuna amri moja: leso ya kwanza ikilowa yote, gari liitwe, isingojewe ya pili. Vilevile kondo la nyuma lisipotoka ndani ya nusu saa, au mama akilalamika kichwa na macho kuingia kiza, au uchungu ukipita saa 12 bila ya mtoto, hapaulizwi mtu mkubwa wala mdogo. Kumkanda mtu tumbo kuendelee akiwa garini.

Kwa hiyo chini kabisa ya mkoba, chini ya mkaja, pana bahasha. Ndani yake kuna nauli ya gari hadi Malindi, kwenda na kurudi, kwa bei ya usiku wa manane na wala si ya mchana. Pana kijitabu cha kliniki, kitambulisho cha mama, na karatasi yenye nambari za madereva wawili pamoja na majina ya wanaume watatu wa ukoo walio tayari kutoa damu. Hao watatu wamekwisha kupimwa. Mmoja wao aliogopa sindano, tukamcheka, akaenda.

Bahasha hii ilileta maneno nyumbani. Mume wangu ni mtu mwema na mcha Mungu, naye fedha zile alikuwa amezikusudia mbuzi wa akika. Mwanangu hufanya kazi za zamu katika chumvi, mshahara wake twaujua, na fedha za mbuzi wawili pamoja na za gari hazikuweza kupatikana kwa mwezi mmoja. Mume wangu akasema, "Mama watoto, siku ya saba watu watakuja, tutawapa nini?" Nikamjibu kwa adabu kwamba akika ni sunna iliyokokotezwa, na asiyejaliwa siku ya saba anaweza kuichelewesha bila ya dhambi, ama kuiokoa nafsi haicheleweshwi. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alirudi kutoka sala ya isha, akaniambia alikuwa amemwuliza sheikh wetu, na akaitia bahasha mwenyewe.

Nisieleweke kwamba nawapendekezea watu kuzalia nyumbani. Mkaza mwanangu amehudhuria kliniki tangu mwezi wa nne, na nia yetu ni azalie kwa wauguzi. Dunia imebadilika: utafiti wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto 61 kati ya kila 100 nchini Kenya walizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ukaonyesha 82. Tangu tarehe 1 Juni 2013 kujifungua katika hospitali na zahanati za serikali kulitangazwa kuwa bila ya malipo, mpango ukaja ukaitwa Linda Mama. Na tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia SHA, ambako mtu hana budi kujiandikisha mapema, asingoje uchungu. Lakini tangazo la bure halikuwahi kulipa dereva. Uchungu nao hushika saa nane za usiku, mume yuko zamu, mvua inanyesha, na mtoto wa nne au wa tano hamngoji mtu avae viatu. Mwanamke wa aina hiyo ndiye mkoba huu ulimtengenezewa: umfae chumbani ikibidi, na ubebeke kwa mkono mmoja akiondoka. Kitu kisichobebeka nimekitoa. Lile beseni la shaba la mama yangu, kwa mfano, limebaki juu ya kabati.

Na mkunga wetu? Yupo, bado twamwita, na heshima yake haikupungua. Ni bibi aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Siku hizi kazi yake ni kumwandama mzazi hadi zahanati, kumshika mkono, na kumwombea dua njiani. Yeye ndiye aliyekagua mkoba wangu wiki iliyopita. Aliutoa wembe wa akiba akautazama, akaurudisha, akazihesabu leso, akasema zatosha.

Lililokuwa limebaki ni madereva. Juzi usiku, saa nane, mwanangu aliwapigia simu wote wawili kwa kuwajaribu. Wa kwanza, ambaye tulimtegemea, simu yake ilikuwa imezimwa. Wa pili alipokea, akauliza kwa sauti ya usingizi, "Ameshikwa?" Mwanangu akamwambia bado, twajaribu tu. Akanung'unika kidogo, kisha akasema ataulaza ufunguo chini ya mto wake. Jina lake ndilo sasa la kwanza katika karatasi.